Shingo Kukakamaa kwa Msongo wa Mawazo: Namna ya Kuitambua na Kuituliza

Katika vyumba vya wagonjwa wa nje ni nadra siku kupita bila mtu kuingia akigeuza mwili mzima ili amtazame daktari, kwa kuwa shingo imekataa kugeuka peke yake. Wengine huja mkono ukiwa umeshika kisogo. Wengine hulalamikia kichwa kinachobana kama kilichofungwa kitambaa, au mabega mazito kana kwamba wamebeba gunia usiku kucha. Wengi wao huwa wamekwisha kupita duka la dawa mara mbili au tatu, wamechomwa sindano, na baadhi wamepigwa picha ya eksirei na kuambiwa kwamba pingili za shingo zimesagika. Neno hilo la mwisho lina madhara kuliko tunavyodhani. Mtu aliyeambiwa kwamba mifupa yake imesagika huacha kuigeuza shingo asije akaisaga zaidi, na shingo isiyogeuzwa huzidi kukaza.

Makala haya yanahusu aina moja ya shingo kukakamaa, nayo ni miongoni mwa zile tunazokutana nazo mara nyingi: ile inayotokana na misuli iliyokazwa kwa muda mrefu na msongo wa mawazo pamoja na kazi ya kukaa au kusimama katika mkao mmoja. Mgonjwa atapata humu mambo ya kufanya nyumbani. Mhudumu wa afya atapata namna ya kuitenganisha shingo hii na zile chache zinazoua, na tunamwomba asiiruke sehemu hiyo hata kama anaamini anaifahamu.

Kinachotokea ndani ya msuli

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5, nacho kimekaa juu ya pingili 7 ndogo. Pingili zenyewe haziwezi kukisimamisha. Kazi hiyo hufanywa na misuli. Mpana kuliko yote ni trapezi, unaoanzia kisogoni, ukashuka hadi katikati ya mgongo na kuenea mpaka mabegani. Chini yake upo msuli mwembamba unaounganisha pingili za juu za shingo na pembe ya juu ya mfupa wa bega. Bonyeza kwenye kona iliyo kati ya shingo na bega la mtu mwenye tatizo hili, na mara nyingi utakuta kinundu kinachouma, pengine maumivu yake yakapanda hadi nyuma ya jicho. Kwa upande wa mbele ipo misuli inayotoka nyuma ya sikio na ubavuni mwa shingo, ikashika mtulinga, kidari na mbavu za juu.

Mtu anapopatwa na hofu, ubongo huuandaa mwili kukimbia au kupambana. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani, mabega huinuka kuelekea masikioni, meno hushikana. Maandalizi hayo yana faida mtu anapokutana na nyoka njiani, kwa sababu baada ya dakika chache nyoka ameuawa au amekimbiwa, na mwili hutulia. Marejesho ya mkopo wa kikundi yanayodaiwa kila wiki hayaishi kwa dakika chache. Wala hauishi ugonjwa wa mtoto usiopata jina, au mashaka ya mtu anayesubiri barua ya kupunguzwa kazini. Mwili hubaki katika maandalizi kwa majuma na miezi, na mwenye mwili huwa hata hajui kwamba mabega yake yameinuka. Katika majaribio ya maabara imeonekana kwamba mtu akipewa hesabu ngumu azifanye kwa haraka, umeme unaopimwa kwenye msuli wa trapezi hupanda ingawa mikono imetulia mezani.

Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa nadharia inayosaidia kulielewa jambo hili. Ndani ya kila msuli zimo nyuzi ndogo ambazo huitwa kazini kwanza, msuli unapoanza kukaza hata kidogo, na huruhusiwa kupumzika za mwisho. Aliziita kwa jina la Cinderella, yule msichana wa hadithi za Ulaya aliyeamka kabla ya wote nyumbani na kulala baada ya wote. Sisi tungeweza kuzifananisha na msichana wa kazi katika nyumba nyingi za mijini. Nyuzi hizo hazihitaji mzigo mkubwa ili zichoke. Zinahitaji tu kutopewa nafasi ya kupumzika. Ndiyo maana mtu huweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hakufanya kazi yoyote nzito, na bado shingo ikamuuma jioni.

Msuli uliokazwa muda mrefu hubana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake. Oksijeni hupungua, taka za kazi ya msuli hujikusanya, neva za maumivu huchokozeka, na maumivu nayo huufanya msuli ukaze zaidi ili ujilinde. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, neva na ubongo huongeza usikivu wao, na mguso ambao zamani haukuumiza huanza kuumiza. Kwa hiyo maumivu haya ni ya kweli. Mgonjwa anayeambiwa "ni mawazo tu" husikia akiitwa mwongo, na ana haki ya kuudhika.

Pumzi inastahili kutajwa peke yake. Mtu aliyetulia hupumua hasa kwa kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mwenye wasiwasi hupumua kwa kifua cha juu, akiinua mbavu kwa misuli ya shingo. Mtu mzima hupumua kama mara 15 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 20,000 kwa siku. Hebu fikiri shingo iliyopewa sehemu ya kazi hiyo bila kuombwa.

Kabla ya kusema ni msongo

Haifai mhudumu kusema neno "msongo" kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna hatari nyingine. Uchunguzi wenyewe hauchukui zaidi ya dakika tano.

La kwanza ni homa ya uti wa mgongo. Jina hilo limewafanya watu wengi waitafute mgongoni, ilhali ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti. Mgonjwa mwenye homa, kichwa kinachouma sana, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa au degedege asipewe mazoezi ya shingo. Mlaze chali, umwombe alete kidevu kifuani. Utando wa ubongo ukiwa umechokozeka, kuinamisha kichwa mbele ndiko hasa hushindikana, wakati kugeuza shingo kulia na kushoto huweza kubaki kurahisi kwa kiasi. Misuli ikiwa imekaza kwa msongo, kwa kawaida mambo huwa kinyume: kugeuka na kulaza kichwa upande mmoja ndiko kugumu, na kidevu hufika kifuani au karibu nacho japo kwa kuvuta.

Hata hivyo, tofauti hiyo isitumike kumwondolea mtu mashaka pale ambapo dalili nyingine zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulihusu watu wazima 297 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huu. Kati ya waliothibitika kuwa nao, shingo kukakamaa kulionekana kwa takriban asilimia 30 tu, na dalili za Kernig na za Brudziński, ambazo sote tulizikariri darasani, kwa asilimia 5. Shingo laini haimaanishi kwamba ubongo uko salama. Hili lina uzito zaidi kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka: kuvu aitwaye kriptokokasi huweza kumletea maumivu ya kichwa ya siku nyingi, homa ndogo na mabadiliko ya tabia huku shingo ikigeuka bila tabu. Mtu wa namna hiyo anahitaji kipimo cha damu cha kriptokokasi na rufaa, hata kama anaeleza vizuri kabisa jinsi kazi ilivyomchosha. Kwa mtoto mchanga nako shingo huweza isikakamae. Tazama utosi kama umevimba, na uliza kama ameacha kunyonya. Pale ambapo homa ya uti wa mgongo inadhaniwa na hospitali iko mbali, dozi ya kwanza ya antibayotiki hutolewa kabla ya safari, kwa mujibu wa mwongozo wa tiba.

La pili ni jeraha. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, aliyegongwa na pikipiki, au aliyepinduka nayo, shingo yake ihesabiwe kuwa imevunjika mpaka ithibitike vinginevyo. Hapa ndipo mahali pa kuuliza, faraghani na bila mume au ndugu kuwepo, kama kuna mtu aliyemkaba koo. Kukabwa huweza kuchana ukuta wa ndani wa mishipa mikubwa ya damu ya shingo na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, wakati ngozi haina hata alama. Mwanamke anayesema "nimeamka shingo inauma" huenda hajapata tu nafasi ya kusema yaliyotangulia kulala.

Mengine tuyataje kwa ufupi. Pepopunda hufunga taya pamoja na shingo, na mgonjwa hushtuka misuli ikajikaza anapoguswa au kusikia kelele; uliza kuhusu kidonda na chanjo. Kifua kikuu cha pingili huleta maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, kukonda, jasho na homa za jioni. Uti wa mgongo ukibanwa, vidole hupoteza ustadi: mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati, miguu huwa mikakamavu, na haja ndogo huanza kumsumbua. Maumivu ya shingo na taya yanayokuja mtu anapopanda kilima na kutulia anapopumzika ni ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Na shingo iliyopinda ghafla, macho yakageukia juu, kwa mtu aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi au dawa ya akili kama haloperidoli, ni athari ya dawa. Familia nyingi hudhani ni mapepo, kumbe mara nyingi hutulia ndani ya saa moja kwa sindano inayofaa.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, na maumivu yamekuwa yakija na kwenda sambamba na kazi, usingizi mbaya au mashaka, mhudumu anaweza kusema kwa ujasiri kwamba hii ni misuli.

Picha ya eksirei na maneno yetu

Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hahitaji picha. Wenye shingo wengi huomba picha kwa nia njema, nasi huwapa kwa uchovu, kisha taarifa inarudi na habari za pingili zilizopungua nafasi na vijifupa vilivyochomoza. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI vya watu 1,211 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Asilimia 87.6 kati yao walionekana kuwa na diski za shingo zilizotuna. Kwa lugha nyingine, picha za watu wazima wengi zitaonyesha kitu, wawe wanaumwa au hawaumwi, kama vile vichwa vya wengi huota mvi. Tukisema "pingili zimesagika" tumempa mtu ugonjwa wa maisha kwa maneno mawili. Tukisema "haya ni mabadiliko ya umri, shingo yako ni imara na inaweza kugeuka", tumesema kweli na tumemruhusu apone.

Kuuliza kinachokaza

"Punguza mawazo" ni ushauri unaotolewa kila siku katika zahanati zetu, na hauna dawa yoyote ndani yake. Hakuna anayeyaweka mawazo kwa hiari yake. Afadhali kuuliza. Chukua mfano wa mwalimu mwenye umri wa miaka 52, anayehudumiwa na muuguzi kijana:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shingo hii inaniua."

"Pole sana mama. Inakuzidi saa ngapi?"

"Usiku nikisahihisha madaftari. Na asubuhi nikiamka."

"Na usingizi?"

"Usingizi umekimbia tangu baba watoto alipoanza kuugua."

Maswali mawili yameleta mambo mawili ambayo picha ya eksirei isingeyaonyesha kamwe: kazi ya kuinama kwa saa nyingi, na mzigo wa kumuuguza mtu. Kutoka hapo inafaa kuuliza maswali mengine mawili yanayotumika kote duniani: katika majuma mawili yaliyopita, je, umekuwa ukikosa hamu ya mambo uliyoyapenda, na je, umekuwa ukijisikia mnyonge au kukata tamaa? Akiitika, tathmini ya sonona ifanywe siku hiyo hiyo, pamoja na swali la wazi kuhusu mawazo ya kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kwa aliyepigwa au kukabwa, pamoja na matibabu, nchini Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na katika halmashauri wapo maofisa wa ustawi wa jamii. Mhudumu ajue wanapatikana wapi kabla ya kumhitaji mmojawapo.

Namna ya kuituliza

Shingo hii hupona kwa kutikiswa taratibu. Kuilaza kitandani siku nzima au kuifunga kola huifanya iwe ngumu zaidi, na kola haina nafasi katika tatizo hili. Kuna mgonjwa atakayesema kwamba kugeuza kunamuuma. Mwambie kwamba mvuto na maumivu madogo yanayotulia baada ya dakika chache hayaharibu kitu. Maumivu makali, ganzi inayoshuka mkononi au kizunguzungu ni alama ya kusimama na kurudi kituoni.

Anza na joto. Chovya taulo katika maji ya moto, likamue, lijaribu kwanza kwa mkono wa chini, kisha liweke juu ya shingo na mabega kwa dakika 15 hadi 20. Bibi zetu wamekuwa wakikanda namna hii tangu zamani, nao walikuwa sahihi: joto huongeza damu katika msuli na kupunguza maumivu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi atumie joto la wastani na amwombe mwingine alipime. Kuchua kwa mafuta na mkono wa mtu mwenye huruma kunasaidia vilevile, japo nafuu yake haidumu. Ichukuliwe kama mlango wa kuingilia mazoezi.

Kisha pumzi. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono wa tumboni upande na ule wa kifuani utulie. Toa hewa polepole ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Siku za kwanza wengi hujiona wajinga, na wengine huhisi kizunguzungu kidogo kwa sababu wanavuta hewa nyingi mno; wapunguze nguvu. Wakati huo huo midomo ifungwe na meno yaachane. Anayegundua kwamba meno yake hushikana mchana kutwa amegundua sehemu kubwa ya chanzo cha maumivu yake ya kichwa.

Baada ya pumzi huja jambo ambalo daktari Edmund Jacobson wa Chicago alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1929, na ambalo hadi leo linafundishwa. Aliona kwamba mtu hawezi kuulegeza msuli ambao hajui kwamba umekaza. Kwa hiyo kaza kwanza kwa makusudi: inua mabega hadi karibu na masikio, yashikilie kwa sekunde 5, halafu yaachie yaanguke yenyewe kama mzigo uliotuliwa. Kaa sekunde 15 hivi ukisikiliza tofauti. Rudia mara 5. Fanya vivyo hivyo kwa ngumi za mikono, na kwa paji la uso. Baada ya majuma mawili mtu huanza kuyakamata mabega yake yakipanda katikati ya kazi, ndani ya daladala, au simu inapoita na jina la mdai likatokea.

Mazoezi ya kunyoosha ni machache. Keti wima, geuza uso polepole kulia mpaka uhisi mvuto, kaa hapo kwa pumzi 5, rudi katikati, kisha kushoto. Halafu kalia kiganja cha mkono wa kulia ili bega lisipande, na ulaze kichwa kushoto kwa sekunde 20 hadi 30, badilisha. Mwisho, vuta kidevu nyuma bila kuinama, kama mtu aliyesogezewa bakuli la uji wa moto karibu na pua, shikilia sekunde 5, mara 10. Usivute kichwa kwa mkono, wala usikizungushe duara kwa kasi.

Maumivu yakianza kupungua, misuli iongezewe nguvu. Sehemu hii husahauliwa, nasi tunadhani ndiyo inayozuia tatizo lisirudi. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio lililohusisha wafanyakazi 198 wa ofisini wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuvuta mpira kwa dakika 2 tu kwa siku, jingine dakika 12, siku 5 kwa juma, kwa majuma 10. La tatu lilipewa maelezo ya afya peke yake. Makundi yote mawili ya mazoezi yalipata nafuu kuliko la tatu. Dakika 2! Hakuna haja ya vifaa vya dukani. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kinatosha: kikanyage katikati, shika ncha zake, inua mikono yote miwili kwa upande hadi usawa wa mabega, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, ishushe taratibu. Asiye na mpira ashike chupa mbili za maji za nusu lita.

Kuhusu mkao, tunashauri utulivu kuliko hofu. Inasambaa katika simu za watu namba inayodai kwamba kuinamia simu huibebesha shingo kilo 27. Namba hiyo ilitokana na hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2014, haikupimwa katika shingo za watu. Kuinama si kosa. Kosa ni kukaa hivyo saa mbili bila kusogea. Fundi cherehani, mwalimu, karani na dereva wa bodaboda wasimame au wabadili mkao kila nusu saa, hata kwa dakika moja. Mwalimu wetu aweke madaftari juu ya boksi ili macho yasishuke sana. Kwa anayelala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega. Mto mwembamba unaweza kuongezwa kwa khanga iliyokunjwa na kuwekwa ndani ya foronya. Anayelala kifudifudi huikunja shingo usiku mzima.

Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa. Wanawake wengi hubeba hivyo miaka yote bila kuumwa, kwa hiyo hatusemi kwamba kubeba kichwani ni ugonjwa. Lakini shingo iliyokwisha kukakamaa ipewe nusu ndoo kwa majuma machache, na ndugu wengine nyumbani, wanaume wakiwemo, wachukue safari zilizobaki. Mhudumu anaweza kulisema hilo mbele ya familia kama sehemu ya tiba, na likisemwa naye hupokewa kwa urahisi kuliko likisemwa na mgonjwa.

Dawa, na mikono ya wengine

Parasetamoli gramu 1, isiyozidi mara 4 kwa siku kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, inaweza kumpa mtu nafuu ya kutosha kuanza mazoezi. Ibuprofeni na diklofenaki hutumika kwa siku chache tu, wala si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au mjamzito bila ushauri wa daktari. Sindano ya diklofenaki haina nguvu ya pekee juu ya tatizo hili, na ikichomwa vibaya kwenye tako huweza kudhuru neva ya mguu. Diazepamu hulegeza kwa usiku mmoja na huzoeza kwa majuma machache. Isiwe dawa ya kawaida. Vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa ndani ya karatasi isiyo na jina viepukwe kabisa, kwani huweza kuwa na steroidi ndani yake.

Lipo jambo moja la mitaani ambalo hatuna budi kulikemea. Katika baadhi ya saluni za kinyozi, mteja akimaliza kunyolewa hukandwa mabega, kisha kinyozi hushika kidevu na kisogo na kukigeuza kichwa kwa ghafla mpaka shingo ialike. Kukandwa hakuna tatizo. Kugeuzwa huko ndiko kwa hatari. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupita katika matundu ya pingili 6 za juu za shingo, na mgeuko wa ghafla huweza kuichana ukuta wa ndani. Hutokea mara chache, lakini yanapotokea matokeo huwa kiharusi kwa kijana aliyekwenda kunyolewa tu. Mteja ana haki ya kusema mapema, "Kaka, shingo usiivunje," na kinyozi mzuri hataona vibaya.

Maumivu mengi ya aina hii hupungua ndani ya siku chache hadi majuma machache. Mgonjwa arudi baada ya majuma 2, na arudi upesi zaidi kukitokea homa, udhaifu au ganzi ya mkono. Akiwa bado anaumwa baada ya majuma 6, apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na maswali ya sonona yaulizwe upya. Kwenye kadi yake, mahali pa utambuzi, andika "maumivu ya misuli ya shingo", na chini yake mazoezi mawili aliyokwisha kuyafanya mbele yako kabla hajatoka chumbani.